Mwongozo kamili: namna ya kuandika "kabla ya umri wake" na ukaeleweka

Sentensi iliyonisukuma kuandika mwongozo huu ni fupi: "Mtoto aliongea mapema." Mfasiri aliyeniletea hapa Mwanza alikuwa anatafsiri Kiingereza chenye kielezi precociously, yaani kwa namna inayotangulia umri. Alitaka kusema kwamba mtoto wa miaka 3 alikuwa akizungumza kama mtu mzima. Kiswahili alichoandika kinasema mengine: kwamba mtoto alipewa nafasi ya mwanzo kikaoni, au kwamba aliongea asubuhi, au kwamba alianza kutamka maneno kabla ya wenzake.

Tangu siku hiyo nimeikuta kasoro hiyo katika makala za malezi, vipeperushi vya afya, insha za sekondari na hata maelezo ya ufugaji wa samaki. Wanaokosea si wavivu. Wanafungua kamusi, wanakutana na "mapema" au "kabla ya wakati", wanalipachika neno na kusonga mbele. Lakini Kiswahili hakina neno moja linalobeba kielezi hiki chote. Kina ukoo mzima wa maneno, na kila mmoja katika ukoo huo ana kiti chake.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya 1 na ya 2, zile za mbele hazitakusaidia.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Sentensi yako pamoja na aya inayoitangulia na inayoifuata. Sentensi peke yake haitoshi.
- Umri, tarehe au kimo halisi cha anayezungumziwa, kama kipo.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Ile ya lugha mbili iweke kando kwa muda. Ndiyo iliyokuleta hapa.
- Kalamu na karatasi.
- Mtu mmoja wa kumsomea kwa sauti, ambaye hajaiona sentensi ya Kiingereza.

## Hatua ya 1: Tafuta kipimo

Kielezi hiki ni cha kulinganisha, hata pale kinapoonekana kusimama peke yake. Hakuna kinachowahi bila kuwapo saa iliyotarajiwa. Andika kwenye karatasi: kwa kawaida jambo hili hutokea lini?

Chukua kutembea. Watoto wengi hutembea wenyewe karibu na umri wa mwaka 1, na wapo wazima kabisa wanaofika mwaka 1 na nusu. Kwa hiyo anayetembea akiwa na miezi 8 amewatangulia wenzake. Anayetembea akiwa na miezi 12 hajatangulia chochote, hata kama bibi yake anashangilia.

Sasa chukua kifaranga cha kuku. Siku anayoanguliwa anasimama, anatembea, anadonoa. Je, amepevuka mapema? Hapana. Hiyo ndiyo ratiba ya kuku wote. Kinda la njiwa hutoka kwenye yai likiwa limefumba macho, na hulishwa kiotani kwa wiki kadhaa. Hilo nalo halijachelewa. Ukiwalinganisha kifaranga na kinda utapata jambo la kweli kuhusu aina mbili za ndege. Hutapata kifaranga mwenye maajabu.

Dagaa wetu wa Ziwa Victoria anaangukia hapohapo. Mgeni akifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kuona mafungu yale ya visamaki vya urefu wa kidole, anaweza kuandika kwamba wamevuliwa wakiwa wachanga. Dagaa mzima ndivyo alivyo. Udogo wake ni ukubwa wake.

Mbegu za mahindi zinazokomaa upesi zina jina ambalo wakulima walishalipata: mbegu za muda mfupi. Usiandike kwamba "zinakomaa kabla ya wakati", maana wakati wake ndio huo mfupi. Mahindi ya kukomaa kabla ya wakati ni yale yaliyokatikiwa na mvua, yakabeba vigunzi vidogo na kukauka. Mkulima akisoma maneno yako akadhani unamwelezea mahindi ya namna hiyo, mbegu yako hatainunua.

*Utajua umefaulu* pale utakapoweza kujaza nafasi hizi bila kusita: "Kwa kawaida ____ huwa ____, lakini huyu ____." Ukishindwa, rudi kwenye matini. Huenda mwandishi wa mwanzo naye hakuwa na kipimo, alipenda tu mlio wa neno.

## Hatua ya 2: Taja kilichotangulia

Hapa ndipo madhara yanapoanzia, na ndiyo hatua ninayokuomba usiipite mbio.

Mtu hakui kwa kipande kimoja. Mwili una mwendo wake, akili ina wake, ulimi una wake, kipaji kina wake. Mtoto anaweza kusoma gazeti akiwa na miaka 4 na bado akalia kwa kunyang'anywa kijiko. Kilichotangulia ni kusoma. Moyo wake bado ni wa miaka 4, na ni haki yake uwe hivyo.

Ukiandika "mtoto huyu amekomaa mapema" ukaishia hapo, umemwachia msomaji achague kipande anachokitaka. Kwa mtoto wa kike, wapo wanaokichagua vibaya. Nimesoma tafsiri ya habari za afya iliyosema "wasichana hawa hukua mapema" mahali ambapo matini ya awali ilizungumzia mabadiliko ya mwili peke yake. Katika jamii ambamo kuna mtu anatafuta sababu ya kumwoza binti, sentensi kama hiyo inampa sababu. Binti aliyevunja ungo akiwa na miaka 10, mwili wake umewatangulia wengi wa rika lake. Hakuna kingine katika sentensi hiyo kilichotangulia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na haikuweka pembeni wale walionyanyuka mapema.

Basi andika kipande chenyewe: "mwili wake ulibadilika mapema", "alivunja ungo kabla ya wenzake", "alianza kusoma kabla hajaandikishwa shule".

Kama ni habari ya kitabibu, weka tarakimu. Madaktari wanapozungumzia kubalehe mapema kupita kawaida wana mipaka: dalili kuonekana kabla ya miaka 8 kwa msichana, na kabla ya miaka 9 kwa mvulana. Mzazi wa Igoma au Buhongwa hapa Mwanza akisoma "mapema" hatajua kama mwanawe wa miaka 7 anahusika. Akisoma "kabla ya miaka 8" atajua, na atampeleka hospitali.

*Utajua umefaulu* pale mtu akikuuliza "mapema katika nini?" na jibu likawa limo ndani ya sentensi yenyewe.

## Hatua ya 3: Chagua kitenzi kwanza, kielezi baadaye

Wengi huanza na kielezi kwa sababu ndicho kilichowasumbua katika Kiingereza. Geuza mpangilio. Katika Kiswahili uzito mkubwa hubebwa na kitenzi, na kitenzi kikikaa sawa, kielezi hujitokeza chenyewe.

Neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini, kwenye maneno mawili yenye maana ya "kabla" na "kupika". Lilihusu tunda lililoiva kabla ya mengine. Hapo Kiswahili kiko nyumbani kabisa, kwa maana sisi pia maneno ya tunda tumeyapa mwanadamu, isipokuwa tunayo mengi na hayabadilishani ovyo.

Kupevuka ni kufikia utimilifu. Embe pevu limejaa, ingawa huenda bado ni gumu. Kwa mtu, ndilo neno zuri kuliko yote kwa akili: "akili yake imepevuka". Lina heshima ndani yake.

Kukomaa kunafaa mazao, mifupa, samaki na mwili. Kwa mtu mzima ni sifa, kama tunavyosema ukomavu wa uongozi. Kwa mtoto angalia sana: "huyu mtoto amekomaa" mtaani mara nyingi ni lawama, kwamba ana sura ngumu au amezoea mambo asiyopaswa kuyazoea.

Kuiva kuachie tunda na chakula. Ukimwambia mtu kwamba ameiva, unamaanisha yuko tayari kwa kazi au mtihani. Hilo ni jambo la maandalizi. Na kama ndizi zimevundikwa, hazikuiva mapema, zimeivishwa. Tofauti hiyo itakufaa siku utakapotafsiri habari za mtoto aliyekaririshwa mashairi usiku na mchana na mzazi wake. Huyo amevundikwa.

Kubalehe na kuvunja ungo ni kwa mabadiliko ya ujana tu. Kuvunja ungo ni kwa msichana. Usiyakwepe maneno haya kwa aibu, maana ukiyakwepa utaangukia "amekuwa mkubwa", na tumeshaona linakotupeleka.

Kukua ndicho kitenzi ambacho wengi hukitumia na ndicho dhaifu kuliko vyote hapa. Mtoto aliyerefuka amekua, aliyenenepa amekua, aliyepata busara amekua. Kitumie pale tu unapozungumzia kimo na uzito.

*Utajua umefaulu* pale kitenzi peke yake, bila kielezi chochote, kinapomwambia msomaji ni kipande gani cha mtu au mmea kinachozungumziwa.

## Hatua ya 4: Sasa chagua kielezi

Mapema ni neno la saa na ratiba. "Njoo mapema." Linafaa pale tu kitenzi kilichotangulia kina nguvu ya kutosha: "alipevuka mapema", "alivunja ungo mapema". Likikaa na kitenzi cha tendo la kila siku kama kuongea, kula au kusoma, msomaji ataangalia saa ya ukutani.

Haraka na upesi ni mwendo. Mtoto anaweza kuanza kusoma akiwa na miaka 4 na akajifunza polepole sana, amewahi, hajaharakisha. Mwingine akaanza akiwa na miaka 9 na kumaliza kitabu kwa mwezi. Huyo ameharakisha, hajawahi. Tena "haraka" ina harufu ya kulaumu, kwa sababu kila Mswahili amelelewa akisikia kwamba haraka haraka haina baraka. Ukisema "alikua haraka" umeshachomeka wasiwasi ambao huenda haumo katika matini.

Kabla ya wakati inaonya. Tunaisikia katika kifo, katika kung'atuka, katika uchungu wa uzazi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, amezaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana usimwambie mzazi kwamba mwanawe "ameongea kabla ya wakati" ukidhani unamsifu. Nimeshuhudia mama mmoja akisomewa maneno hayo kutoka kwenye karatasi, akauliza kwa hofu, "Sasa atadhurika?"

Kabla ya umri wake na kuliko umri wake ndizo zinazofika karibu zaidi na kielezi chetu kwa mtoto mwenye akili au kipaji. "Ana busara kuliko umri wake." "Anacheza ngoma kuliko umri wake." Kipimo kimo ndani tayari, na hakuna lawama.

Kiutu uzima na kikubwa hufaa namna ya kusema na kutenda: "alijibu kiutu uzima", "anaongea kikubwa". Sentensi iliyoniletea mashaka pale mwanzo ilihitaji hili tu: "Mtoto alizungumza kiutu uzima." La pili, kikubwa, ni la mazungumzo zaidi, liweke mdomoni mwa mhusika wa hadithi, usiliweke kwenye ripoti.

Angali ni tunu ambayo vijana wengi wanaisahau. Kila mtu anakumbuka samaki mkunje angali mbichi, lakini wachache wanaitumia wanapoandika. "Alitunga mashairi angali mdogo." Maneno manne, na yote yamesemwa: tendo, umri na mshangao. Ukiona sentensi yako imejaa viambatisho, jaribu angali kwanza.

Njia ya mwisho ni kuacha kielezi na kutumia kutangulia: "akili yake imetangulia umri." Hii naipenda kuliko zote kwa maandishi ya malezi, kwa sababu inalazimisha utaje vitu viwili, kilichotangulia na kilichotanguliwa. Hatua ya 1 na ya 2 zinakuwa zimo ndani yake.

Kuna mitego miwili ya sarufi. Baada ya "kabla" tumia -ja-: "kabla hajatimiza miaka 5". Usiandike "kabla hakutimiza". Pili, jihadhari na "amewahi kupevuka". Kuwahi ni kufika mapema, kweli, lakini likifuatwa na kitenzi kingine msomaji wa leo atasikia kwamba jambo limepata kutokea angalau mara moja. "Amewahi kusoma" si "amesoma mapema".

*Utajua umefaulu* pale ukiondoa kielezi na sentensi ikapoteza kitu. Kama haikupoteza chochote, kielezi hakikuwa na kazi.

## Pagumu zaidi: samaki

Wafugaji wa sato (tilapia) katika mabwawa na vizimba vya pembeni mwa ziwa wananiandikia kuhusu hili kuliko watu wengine wote, kwa hiyo nalipa nafasi yake.

Katika maziwa ya Afrika Mashariki, sato huanza kuzaa akiwa na miezi 10 hadi 12 hivi, na uzito wa gramu 350 hadi 500. Bwawani akikua vizuri huanza akiwa na miezi 5 au 6, gramu 150 hadi 200. Na wale waliobanana na kudumaa wanaweza kutaga wakiwa chini ya gramu 20. Jike huatamia mayai mdomoni, na muda huo hali kama kawaida. Bwawa linajaa vifaranga vya kugombea chakula kilekile, na mfugaji anavuna visamaki vya kukaanga vitatu kwa sahani.

Maelezo ya Kiingereza husema samaki hawa wamekomaa precociously. Mfasiri akiandika "sato hukua haraka bwawani", mfugaji atafurahi! Ameambiwa habari njema. Atasubiri kilo, atapata visamaki vyenye mayai.

Akiandika "samaki wachanga" amekosea upande wa pili. Samaki mchanga ni yule ambaye hajafikia kuzaa. Ofisa uvuvi anapozungumzia sangara wachanga, wasiofika sentimita 50, ana maana hiyo. Sato wa gramu 20 mwenye mayai mdomoni ni mdogo, lakini si mchanga.

Andika hivi: "Sato waliobanana bwawani huanza kutaga wangali wadogo, kisha hudumaa." Kitenzi ni kutaga, kielezi ni wangali wadogo, na neno kudumaa linambebea mfugaji onyo lake. Kama unataka maneno mazito zaidi ya kitaalamu: "hukomaa kiuzazi kabla ya kufikia kimo cha kawaida". Kiuzazi ndilo neno linalookoa sentensi hiyo, usiliache.

Kwa mimea kuna maana moja ya pembeni. Wataalamu hutumia neno la Kiingereza precocious kwa mti unaotoa maua kabla ya majani, kama mjakaranda unavyosimama umevaa zambarau tupu. Hapo hakuna umri wala haraka. Ni suala la kipi kinaanza. Andika tu: "huchanua kabla ya kuchipua majani."

## Hatua ya 5: Pima kama ni sifa au lawama

Kielezi cha Kiingereza kinaelea katikati. Mara kinasifu, mara kinainua nyusi. Kiswahili hakikuruhusu kuelea sana, kwa hiyo amua.

Kwa kusifu unayo: mwerevu, mwenye kipaji, amechangamka, ana busara kuliko umri wake. Kwa kulaumu: mjuaji, ana kiherehere, anajitia ukubwa, anajua mambo ya wakubwa. Katikati kuna mtundu, neno ambalo mzazi husema akitabasamu na mwalimu husema akikunja uso.

Soma aya nzima uliyoiweka mezani mwanzoni. Kama mwandishi anamtaja Mozart, aliyezaliwa mwaka 1756 na kutunga vipande vidogo vya muziki akiwa na miaka 5, ni wazi anasifu: "alitunga muziki angali na miaka 5." Kama anaeleza mtoto anayemkatiza babu yake barazani kumsahihisha habari za mpira, chagua ujuaji.

Onyo: usitumie maneno ya lawama kwa mtoto halisi katika ripoti ya shule au ya hospitali. Mzazi ataiweka karatasi hiyo kabatini kwa miaka 20.

## Hatua ya 6: Msomee mtu

Mtafute yule uliyemwandaa. Msomee mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha umuulize maswali mawili tu: nani amemtangulia nani, na katika nini? Usimweleze chochote. Akijibu yote mawili, umemaliza. Akijibu "sijui, ila alikuwa wa kwanza", rudi Hatua ya 2. Akikuuliza kama mtoto ni mgonjwa, rudi Hatua ya 4 ukaondoe "kabla ya wakati".

## Jaribu hizi

Fanya mwenyewe kwanza, kisha linganisha.

Msichana wa miaka 6 ameanza kuota matiti. *"Ameanza kuonyesha dalili za kubalehe akiwa na miaka 6, kabla ya umri wa kawaida, apelekwe hospitali."*

Mvulana wa miaka 7 anafanya hesabu za darasa la sita. *"Katika hesabu, akili yake imetangulia umri."*

Muhogo wa miezi 6 umeng'olewa ukiwa na mizizi iliyojaa, na mbegu yake ndivyo ilivyo. *"Ni mbegu ya muda mfupi."*

Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill alifundishwa Kigiriki akiwa na miaka 3. *"Alianza kujifunza Kigiriki angali na miaka 3."* Ukiwa umeandika "alijifunza Kigiriki haraka", ukurasa wako bado una deni: hatujaambiwa alikichukua kwa kasi gani, tumeambiwa tu alianza lini.

Binti wa miaka 5 anampa pole jirani aliyefiwa, kwa maneno yaliyowanyamazisha wakubwa msibani. Hii nimeiacha ya mwisho kwa sababu ina majibu mawili yaliyo sawa. *"Alitoa pole kiutu uzima"* inaeleza alivyosema. *"Alitoa pole kwa busara iliyotangulia umri wake"* inaeleza alichokuwa nacho moyoni. Angalia aya inayofuata katika matini yako: ikiendelea na maneno yake, chukua la kwanza, ikiendelea na machozi ya jirani, chukua la pili.